Kibao Kinachong'aa Sana Hakisomeki

Ukipanda daladala ya Bunju kutoka Mwenge utapita kituo kinachoitwa Tegeta Kibaoni. Ifakara nako kuna Kibaoni, Kilifi kuna Kibaoni, na ukizunguka mikoani utakuta Kibaoni nyingine ambazo kibao chenyewe kilishaoza zamani. Mtu alichomeka ubao kwenye njia panda, watu wakauzoea, ubao ukaanguka, jina likabaki.

Vibao ninavyotengeneza mimi ni vya namna nyingine, vile visivyotakiwa kukaa. Vinaletwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, saa 10 jioni, vinasimamishwa njiani kuelekeza magari kwenye sendofu, harusi, mkesha au maonesho, na usiku uleule vinakunjwa na kurudi stoo. Vina taa ndani au juu yake, vina betri, na mtu mmoja anaweza kukibeba kimoja. Kazi inaonekana nyepesi, na mimi pia niliiona hivyo mpaka kibao changu cha kwanza kilipopoteza wageni.

Ukumbi ulikuwa mbele ya Tegeta, upande wa bara, ukiingia ndani kwa barabara ya vumbi. Nilitengeneza sanduku la mwanga lenye sura mbili ili anayetoka mjini na anayetoka Bunju wote waone. Nikachapisha stika mbili zinazofanana kabisa: SENDOFU, na mshale wa kushoto. Waliotoka mjini walifika bila shida. Waliotoka Bunju nao waliutii mshale, wakakata kushoto, wakaenda zao upande wa bahari. Mjomba wa bibi harusi alinipigia simu huku anasikia mawimbi. Kibao cha sura mbili lazima kiwe na mshale wa kushoto upande mmoja na wa kulia upande wa pili. Ukilisema hivyo mtu anacheka, lakini kwenye kompyuta sura ya pili ni kunakili na kubandika, na karakana nyingi zimeshawahi kupitia aibu hiyo.

Tangu siku ile najiuliza swali moja kabla ya jingine lolote: msomaji wa kibao hiki ana sekunde ngapi? Mteja akija huwa anauliza habari za taa, ziwe ngapi, za rangi gani, zikimbie au zisikimbie. Taa ndiyo hesabu ya mwisho. Sekunde ndizo zinazoamua ukubwa wa herufi, idadi ya maneno, mahali pa kusimamisha kibao, na hata betri utakayonunua.

Tuzihesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ule mwendo wa kibao cha 50 ambao dereva wa Tanzania anaukumbuka zaidi akihisi kuna tochi ya trafiki mbele, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kusoma neno moja na mshale usiku, huku unakwepa bodaboda isiyo na taa, tukupe sekunde 2. Mita 28 zimekwenda. Mita 12 hivi za mwisho kabla ya kibao hazihesabiki, kwa sababu kinakuwa kimeshakaa pembeni mno na jicho limerudi barabarani. Kwa hiyo herufi lazima zianze kusomeka ukiwa umbali wa mita 40. Baada ya kusoma, dereva anaamua: sekunde moja na nusu, mita 21. Kisha anapunguza mwendo hadi ule wa kukatia kona, kilomita 15 hivi kwa saa, taratibu, bila kumwangushia shangazi keki mapajani: mita 35 nyingine. Jumlisha, na utaona kwamba kibao hakipaswi kukaa kwenye kona. Kikae mita 45 hadi 50 kabla ya kona.

Herufi nazo zinatoka kwenye hesabu hiyohiyo. Mwongozo wa Marekani wa alama za barabarani unatumia kanuni ya inchi moja ya kimo cha herufi kwa kila futi 30 za umbali wa kusomea. Kwa vipimo vyetu, kila sentimita moja ya herufi inakupa mita 3.6. Mita 40 zinataka herufi za sentimita 11. Mimi huwa naweka 15, maana kwenye harusi kuna babu anayeendesha mwenyewe na hataki kusikia habari za miwani. Sasa chukua kibao hichohicho ukisimamishe kwenye kona yenyewe. Dereva atatakiwa akisome akiwa umbali wa mita 85 hadi 90 ili awahi kupunguza mwendo, na herufi zitapanda hadi sentimita 25. Sanduku litakuwa kubwa kama mlango, zito, na linalokula betri. Kukisogeza nyuma mita 50 hakugharimu hata shilingi, na kumekata kimo cha herufi kwa zaidi ya nusu.

Kwenye barabara kuu magari yanapokwenda kilomita 80, sekunde moja ni mita 22. Herufi zinataka kusomeka kutoka mita 60, yaani sentimita 17 bila kuhesabu macho ya babu, na kibao kinasogea hadi mita 120 hivi kabla ya kona. Pale kwenye kona yenyewe unaweka cha pili kisicho na neno lolote, mshale mtupu, mnene. Dereva ameshasoma, sasa anatafuta tu pa kukatia.

Maneno yasizidi yale ambayo sekunde 2 zinayabeba. Hapa ndipo ninapogombana na wateja zaidi kuliko kwenye bei. Mwenye shughuli anataka KARIBUNI KATIKA SENDOFU YA BINTI YETU MPENDWA, jina la binti, jina la ukumbi, tarehe, na moyo wenye mshale wa upendo, ambao nao utashindana na mshale wa njia. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu. Viambishi vinajipanga mbele ya mzizi kama abiria kwenye foleni ya mwendokasi, na WANAOKWENDA peke yake tayari ni herufi 11. Lakini Kiswahili kina dawa yake, nayo ni kile kiambishi -ni cha mahali. Huhitaji kuandika NJIA YA KUELEKEA UKUMBINI. Andika UKUMBINI na mshale. HARUSINI. KANISANI. MSIBANI. Neno moja limebeba kitu na mwelekeo wake.

Kuna ulinganisho unaonifurahisha. Yale mabango makubwa ya kielektroniki yanayovutwa kwa trela, yenye nukta za mwanga wa rangi ya kaharabu na paneli ya sola juu, kwa kawaida yana mistari mitatu ya herufi nane nane. Mwongozo uleule wa Marekani unataka herufi zake zisipungue kimo cha sentimita 45, na ujumbe usizidi kurasa mbili zinazobadilishana. UKUMBINI ni herufi nane. MAEGESHO ni nane. HARUSINI na KANISANI ni nane pia. Anayeelekea MSIKITINI ndiye amezidi kwa moja.

Kuhusu herufi kubwa au ndogo kuna mzozo wa zamani, na Waingereza walifika mbali nao. Mwaka 1957 serikali yao iliunda kamati ya kutafuta alama za barabara mpya za mwendo kasi, na kazi akapewa mbunifu Jock Kinneir, aliyekuwa ametengeneza vibao vya uwanja wa ndege wa Gatwick. Alimchukua Margaret Calvert, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Walikuja na mwandiko wenye herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata, wakidai kwamba neno lina umbo lake, na umbo hilo jicho linalitambua kabla halijasoma herufi mojamoja. Mchongaji wa herufi David Kindersley alipinga, akasema herufi kubwa zenye vikia, vile vistari vidogo vya kwenye ncha za herufi, zinasomeka vilevile na zinachukua nafasi ndogo. Ikabidi wajaribu. Watu waliketishwa kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi, gari likawajia na vibao juu yake, nao wakasema ni lini wameweza kusoma. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo sana. Mwandiko wa Kinneir na Calvert ndio uliochukuliwa, na alama zao zilianza kutumika rasmi kwenye barabara zote za Uingereza tarehe 1 Januari 1965.

Mimi nafuata njia ya kati. Neno moja fupi lenye mshale naliandika kwa herufi kubwa, halina wa kuchanganywa naye. Majina ya mahali naandika kwa herufi ndogo, na sababu yangu ni Masaki na Msasani. Mitaa hii miwili imepakana. Ukiandika MASAKI na MSASANI kwa herufi kubwa, ukasimama mbali usiku, unaona M mwanzoni, I mwishoni na rundo la S na A katikati. Andika Masaki na Msasani, na ile k inainua kichwa katikati ya neno la kwanza. Hiyo k moja imeokoa gari lisiende kwingine.

Sasa twende kwenye mwanga wenyewe, ambako mambo yanageuka kinyume na anachotarajia mtu. Ukiongeza mwanga, kibao kinaonekana kutoka mbali zaidi. Lakini kuonekana na kusomeka ni mambo mawili. Jicho likiwa limezoea giza, herufi nyeupe inayong'aa kwenye mandhari nyeusi haibaki ndani ya mipaka yake. Mwanga unamwagika pembeni, mstari unanenepa, tundu la A linaziba, E inakuwa pipa, na mshale unageuka kuwa doa. Umewahi kuona duka la dawa usiku ukajua pale kuna taa kali ya kijani lakini usijue limeandikwa nini? Ndiyo hiyo. Kinneir na Calvert waliliona hili, ndiyo maana mwandiko wao una unene wa aina mbili: mnene kwa herufi nyeusi zinazokaa kwenye ubao mweupe au wa njano, na mwembamba kidogo kwa herufi nyeupe zinazokaa kwenye ubao wa rangi nzito. Herufi nyeupe inajinenepesha yenyewe gizani, kwa hiyo unaianzisha ikiwa nyembamba.

Kwenye karakana tafsiri yake ni hii. Sanduku la sentimita 60 kwa 90 lina sura ya akriliki nyeupe, ile ya rangi ya maziwa. Fundi asiye na uzoefu anabandika juu yake stika ya herufi nyeusi na kuliacha eneo lote lililobaki liwake. Umetengeneza dirisha. Dereva anapigwa na mwanga wa nusu mita ya mraba, na herufi zinakuwa vivuli vinavyoliwa kando. Fanya kinyume: funika sura yote kwa stika nyeusi isiyopitisha mwanga, kisha kata herufi na mshale viwe matundu. Mwanga unatoka pale tu penye ujumbe. Acha nafasi kati ya herufi na herufi iwe pana kuliko unavyoandika kwenye karatasi, kwa sababu mwanga utakuja kuijaza. Na mikanda ya LED iliyopangwa nyuma usiisukume karibu na akriliki. Kama mkanda na mkanda vimeachana sentimita 10, sanduku liwe na kina cha sentimita 10 hivi, la sivyo utaona michirizi ya mwanga ikipita juu ya herufi kama nondo za dirisha.

Rangi naichagua kwa haraka. Nyekundu siigusi, kwani barabarani ina maana yake tayari, na kijani vilevile karibu na taa za kuongozea magari. Bluu ndiyo inayopendwa na maharusi na ndiyo mbaya kuliko zote, maana jicho haliwezi kulenga mwanga wa bluu sawasawa na rangi nyingine kwa wakati mmoja, hivyo maandishi ya bluu usiku yana ukungu hata kwa mwenye macho mazuri. Nyeupe ya joto au kaharabu inatosha. Kaharabu ina faida nyingine ambayo huku kwetu si ndogo: wadudu hawaipendi sana. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini wakafuata mwanga mweupe, na asubuhi ukifungua sanduku utakuta mbawa zimejaa hadi kwenye mikanda.

Taa za kukimbia, zile zinazowaka na kuzimika zikifukuzana, nazikataa. Zikiwa zimezimika, ujumbe haupo. Ukizima nusu ya muda umemnyang'anya dereva sekunde moja kati ya mbili alizokuwa nazo.

Kipimo cha mwanga hakihitaji kifaa. Subiri giza liingie. Dar jua likizama, ukikaa dakika ishirini hivi ni usiku kamili, kwa hiyo ukijaribu kibao saa 12 na nusu jioni unajaribu kitu ambacho mgeni wa saa 2 usiku hatakiona. Kaa kwenye gari, washa taa za chini, simama mita 40, soma. Kisha mwambie kijana aliye kwenye kibao apunguze mwanga kwa kile kitasa ambacho mafundi wanakiita dima. Endelea kumwambia apunguze. Kuna mahali ukungu unaondoka kwenye herufi na tundu la A linafunguka. Acha hapo. Usitegemee picha ya simu, kwa sababu kamera inaupooza mwanga mkali au inauzidisha kadiri ipendavyo.

Na hapa hesabu ya betri inaingia kwa mlango wa nyuma. Sanduku langu lina mikanda mitano ya sentimita 85, jumla mita 4 na robo. Mkanda wa kawaida mwembamba unakula wati 4.8 kwa mita, kwa hiyo wati 20. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ni saa sita, wati-saa 120. Betri ndogo ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayokaa kwenye UPS, ina wati-saa 84 kwa maandishi, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu: 42. Haifiki hata saa 3 usiku. Lakini ukiupunguza mwanga hadi theluthi moja, sanduku linakula wati 7, na kwa saa sita ni wati-saa 42 kamili. Na jicho haliuoni kuwa theluthi, kwani nalo linajirekebisha. Kumbe mwanga unaosomeka vizuri zaidi ndio unaotosheka na betri ndogo, nyepesi, ya bei nafuu.

Sikulijua hilo mapema. Katika shughuli yangu ya tatu sanduku liliwaka kwa mbwembwe saa 12, na kufika saa 3 usiku lilikuwa kama kaa la moto linalokufa, wakati huo ndio ndugu wa kutoka Morogoro wanaingia. Mkanda wa LED wa volti 12 unahitaji kama volti 9 ili tu uanze kuwaka vizuri, na ile ziada ndiyo inayosukuma mwanga. Betri ya risasi ikishuka hadi volti 11, umepoteza volti moja tu lakini karibu theluthi ya mwanga imekwenda. Betri za lithiamu zinashikilia volti zake karibu mpaka mwisho, ndiyo maana siku hizi ninazitumia ingawa ni ghali. Paneli ya sola ya wati 20 mgongoni mwa kibao inaweza kurudisha wati-saa 70 hivi siku ya jua zuri, jambo lenye maana kwenye maonesho ya wiki mbili kama Sabasaba, lakini kwa harusi ya usiku mmoja ni mzigo wa bure. Weka fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na betri. Toboa tundu dogo chini ya sanduku ili umande utoke. Hayo mawili hayana mjadala.

Kuna wakati ninamwambia mteja asinunue taa kabisa. Stika ya kuakisi, ile ya kwenye vizibao vya bodaboda na migongo ya malori, ina chembe za kioo au vipembe vidogo vinavyourudisha mwanga kule ulikotoka, tofauti na kioo cha kawaida kinachoutupa upande mwingine. Taa za gari zinapiga kibao, mwanga unarudi kwenye taa hizohizo, na jicho la dereva liko hapo juu yake. Kwake yeye kibao kinawaka. Teknolojia hii ilianza kuwekwa kwenye kibao cha barabarani Marekani mwaka 1939, haina betri, haina waya, na haizimiki saa 3 usiku. Kwenye barabara ya giza isiyo na taa za mtaani, kibao cha stika ya njano ya kuakisi chenye herufi nyeusi kinalishinda sanduku langu la mwanga, na ninalisema hili nikijua nauza masanduku. Uingereza vibao vya muda vya kuelekeza kwenye shughuli vimezoeleka kuwa vya njano na maandishi meusi, vingi havina taa yoyote.

Udhaifu wake ni kwamba kinawaka kwa mwenye taa tu. Dereva wa lori aliyekaa juu sana anapata mwanga kidogo kuliko wa gari dogo, kwa sababu jicho lake liko mbali na taa zake. Mwenye bodaboda ya taa hafifu naye anapata mwanga haba. Na mama aliyeshuka kwenye daladala na kifurushi cha zawadi haoni kitu, kwake ule ni ubao mweusi gizani. Basi wasomaji wako wawili: wa gari na wa miguu. Wa gari mpe stika ya kuakisi yenye neno moja. Wa miguu ndiye anayehitaji taa. Huyo anasoma akiwa umbali wa mita 10, herufi za sentimita 3 zinamtosha, kibao kikae usawa wa macho, na kwa kuwa anaweza kusimama, hapo ndipo pa kuandika jina la binti, la ukumbi, na karibuni nyote. Mashairi yote ambayo mteja alitaka kumwekea dereva yanapata makao hapo, na ugomvi wetu unaishia pazuri.

Upepo huwa hauulizwi mpaka uje. Kibao cha nusu mita ya mraba, kitovu chake kikiwa mita moja kutoka chini, kikipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde kinasukumwa kama na mkono wa kilo 4. Ili kisianguke kwenye tako lenye upana wa sentimita 60 kinahitaji uzito wa kilo 13 au 14. Upepo ukifika mita 15 kwa sekunde, nguvu haiongezeki kwa nusu, inazidi maradufu, na sasa unataka kilo 30. Pwani wakati wa kusi hilo si jambo la ajabu. Mafundi wetu wanachomelea bomba kwenye rimu ya gari, na ni tako zuri la kuanzia, lakini peke yake halitoshi. Ongeza viroba vya mchanga juu yake. Usiweke mawe wala tofali za zege: gari likikigonga kibao, kiroba kinapasuka, tofali linaruka.

Kuhusu mahali, upande wa kushoto wa barabara kwa Tanzania, Kenya na Uganda, na kila kitu kinageuka ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Kongo, ambako wanaendesha kulia. Kigeuze kidogo kisitazamane na taa za gari uso kwa uso. Kabla ya kuchomeka chochote kumbuka kwamba hifadhi ya barabara ina mwenyewe: TANROADS au TARURA kwa Tanzania, KeNHA au KURA kwa Kenya, na ruhusa inaombwa mapema. Kisha, baada ya kona, weka kibao kidogo cha tatu. Dereva akiingia barabara ya vumbi yenye mashimo, akaenda mita 300 gizani bila kuona ukumbi wala kusikia muziki, anaanza kujiuliza kama amepotea, na wengi hugeuza wakiwa karibu kufika. Mshale mmoja pale, hata usio na neno, unamtuliza.

Vikihesabiwa vinne wakati wa kuvishusha, virudi vinne. Mwaka juzi tulivisimamisha sita kwenye shughuli ya pande za Goba na kirikuu ikarudi na vitano. Cha sita kilikuwa kile kidogo cha baada ya kona, cha stika ya kuakisi, hakina betri ya kumkumbusha mtu. Niliporudi kukichukua baada ya wiki tatu, kilikuwa bado kimesimama, kinaelekeza kwenye ukumbi uliokuwa umefungwa. Nikauliza kijana mmoja wa bodaboda kama pana mtu amelalamika. Akanishangaa. Abiria wake, akasema, siku hizi wanamwambia tu: nishushe Mshaleni.